Mti wa Maswali Mitaani Bwiza

Mazungumzo baada ya habari



Bwiza ni mmojawapo wa mitaa mikongwe ya jiji la Bujumbura. Ulijengwa kwa ajili ya Waafrika wakati jiji likiitwa Usumbura, ukapakana na Buyenzi, na hata leo msafiri atokaye Uvira, Kigoma au Rumonge hakosi mtu wa kuzungumza naye Kiswahili katika barabara zake zenye namba. Jua linapotua ng'ambo ya ziwa, nyuma ya milima ya Kongo, moshi wa mishikaki hutanda, muziki hulia kila mlango, na watu hutoka nje kutafuta upepo. Ni mtaa wa watu wachangamfu, na wakazi wake hawapendi utajwe kwa mabaya tu. Wana haki. Hata hivyo, wakazi hao hao ndio wanaosema kwa sauti ya chini kwamba wapo vijana wao, wa kiume na wa kike, wasioonekana tena katika mikusanyiko ya jioni, kwa sababu wamekwisha kumezwa na kitu kiitwacho "boost".

Boost ni heroini, lakini si heroini tupu. Huchanganywa na vitu vingine, na mara nyingi hata muuzaji wa mwisho, yule anayeificha katika vikaratasi, hajui ameuza nini hasa. Mmea wake haulimwi Burundi. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya heroini ya dunia imetoka Afghanistan, na njia yake mojawapo ni bahari ya Hindi, ambapo hupakiwa katika majahazi hadi pwani ya Afrika Mashariki, kisha ikasafirishwa kwa barabara kuelekea bara. Katika safari hiyo kila mji unaopitiwa hubakiza kitu kwa ajili ya vijana wake. Ndivyo ilivyokuwa Mombasa, Malindi, Zanzibar na Dar es Salaam, na ndivyo ilivyokuja kuwa Bujumbura.

Wapo wanaoivuta kwa moshi, na wapo wanaojidunga kwa sindano. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa mazungumzo haya. Mwenye kuvuta hujiumiza sana, lakini damu yake haikutani na damu ya mwingine kwa njia hiyo. Anayejidunga kwa bomba lililotumiwa na mwenziwe hukaribisha mwilini mwake virusi vya UKIMWI, virusi vya homa ya ini aina ya B, na virusi vya homa ya ini aina ya C. Hivi vya mwisho ni vigumu sana kufa. Uchunguzi wa maabara uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba virusi vya aina ya C viliweza kuwa hai ndani ya bomba la sindano hadi siku 63. Hiyo ni miezi miwili kamili. Tena si bomba peke yake liwezalo kuambukiza. Kijiko au kizibo cha kuchemshia, maji ya kuoshea na kile kipande cha pamba cha kuchujia, vyote vyaweza kubeba damu isiyoonekana kwa macho.

Basi na afikiriwe muuguzi mmoja katika kituo cha afya cha mtaa kama huo. Nje ya mlango wake, kwa muda wa miezi michache, watapita watu 200 wanaotumia boost. Ndani ya kabati lake mna vipimo 60 vya kuthibitisha virusi vya homa ya ini ya aina ya C, na havitaongezwa hadi mwaka ujao. Ampime nani, amwache nani? Akifuata zamu ya kufika, vipimo vitakwisha kwa waliowahi kuamka. Akifuata sura ya mtu, atawapima wachafu na kuwaacha waliovaa vizuri, na virusi havijali nguo. Akiwafuata wenye kelele, wanawake watakosa, maana wao huja kwa kujificha au hawaji kabisa.

Swali hilo la nani atangulie limewashughulisha wataalamu wa hesabu za takwimu kwa muda mrefu, na jibu lao mojawapo ni kile kiitwacho mti wa maamuzi. Jina hilo lisimtishe msikilizaji. Mti wa maamuzi si mtambo. Ni mpango wa maswali ambamo jibu la swali la kwanza ndilo linaloamua swali la pili liwe lipi, na jibu la pili likaamua la tatu, hadi mwulizaji anafika kwenye jani, na katika jani hilo imeandikwa hatua ya kuchukua. Mganga yeyote mzoefu hufanya hivyo kichwani mwake. Mama mwenye mtoto anayelia usiku naye hufanya hivyo: ana joto? amekula? tumbo limejaa? Kazi ya wataalamu imekuwa kutafuta njia ya kuupata mpango wa maswali kutoka katika kumbukumbu za wagonjwa wenyewe, badala ya kuutoa katika hisia za mganga mmoja.

Mwaka 1963 Wamarekani wawili wa Chuo Kikuu cha Michigan, Morgan na Sonquist, walieleza jinsi ya kuligawa kundi la watu mara mbili, kisha kila nusu mara mbili tena, kwa kufuata jambo linalowatenganisha zaidi. Mwaka 1984 wenzao wanne, Breiman, Friedman, Olshen na Stone, walitoa kitabu kilichoikamilisha kazi hiyo, na mfano waliouanzia ulitoka hospitalini. Katika hospitali ya chuo kikuu mjini San Diego, wagonjwa walioshikwa na shtuko la moyo walipimwa mambo 19 katika saa 24 za kwanza. Madaktari walitaka kujua ni nani kati yao yu hatarini kufa ndani ya siku 30. Mti uliotokana na wagonjwa 215 ulibakiza maswali matatu tu. Je, shinikizo la damu lilikuwa juu ya 91 kwa saa zote 24? Kama sivyo, mgonjwa huyo yu hatarini. Kama ndivyo, je, umri wake umezidi miaka 62 na nusu? Kama haukuzidi, hatari ni ndogo. Kama umezidi, je, moyo wake unadunda kwa kasi isiyo ya kawaida? Yale mambo mengine 16 yaliwekwa kando. Hapo ndipo uzuri wa njia hii unapoonekana, kwa kuwa muuguzi wa zamu ya usiku aliweza kuukariri.

Tuurudishe mti huo Bwiza, kwa mfano wa kubuni ambao si takwimu za mahali popote, bali ni hesabu ya kuelezea tu. Tuseme kati ya wale watu 200, walio na virusi vya aina ya C ni 30, nao hawajulikani. Swali la kwanza: umewahi kujidunga? Wanaosema ndiyo ni 80, na kati yao wenye virusi ni 28. Wanaosema hapana ni 120, na kati yao wenye virusi ni wawili. Kwa swali moja tu kundi limekwisha kutengana kama pumba na mchele. Kama lingeulizwa swali jingine, mathalani "unakaa kwa wazazi wako?", pande zote mbili zingebaki zimechanganyika karibu sawa na mwanzo, na ndiyo maana mti hauanzi na swali la namna hiyo. Kisha wale 80 waulizwe: katika mwezi uliopita, umetumia bomba, kijiko, maji au pamba aliyotumia mwenzio? Wanasema ndiyo 40, ambao 22 kati yao wana virusi. Wanasema hapana 40, na wenye virusi ni sita. Hao 40 wa mwisho waulizwe swali la tatu: umejidunga kwa zaidi ya miaka mitatu? Ndiyo ni 15, wenye virusi watano. Hapana ni 25, mwenye virusi mmoja.

Muuguzi akiwapima wale 40 wa tawi la pili na wale 15 wa tawi la tatu, atakuwa ametumia vipimo 55, na kwa vipimo hivyo atakuwa amewapata watu 27 kati ya 30. Kama angevigawa vipimo 55 kwa bahati nasibu miongoni mwa watu 200, angetazamia kuwapata wanane hivi. Hiyo ndiyo faida, na si ndogo, kwa maana homa ya ini ya aina ya C siku hizi inatibika. Vidonge vya sofosbuvir na daclatasvir, vikimezwa kila siku kwa wiki 12, huwaponya zaidi ya watu 95 kati ya kila 100. Mtu aliyegunduliwa na kuponywa hana tena virusi vya kumwambukiza mwenziwe. Watu 27 badala ya wanane ni maini yaliyookolewa, na ni mabomba mengi ambayo hayatakuwa na sumu tena.

Lakini watatu wameachwa. Na vipimo vitano vimebaki. Mambo haya mawili yatarudi mwishoni.

Afrika Mashariki si ngeni kwa maswali ya namna hii. Kati ya mwaka 1991 na 1994, mkoani Mwanza, nchini Tanzania, palifanyika jaribio ambalo dunia ya tiba bado inalitaja. Katika jamii sita, wahudumu wa vituo vya afya na zahanati walifundishwa kutibu magonjwa ya zinaa kwa kufuata mchoro wa dalili: mgonjwa ana kidonda, au anatokwa na usaha? ikiwa hivi, mpe dawa hii, ikiwa vile, mpe ile. Hawakuwa na maabara ya maana. Jamii nyingine sita ziliendelea kama zamani kwa muda wa jaribio. Matokeo yalipochapishwa mwaka 1995, ilionekana kwamba maambukizo mapya ya virusi vya UKIMWI katika jamii zilizofuata mchoro yalikuwa yamepungua kwa karibu asilimia 40. Mchoro huo ni mti wa maamuzi, ingawa haukutoka kwenye kompyuta, na walioutumia walikuwa waganga wasaidizi na wauguzi wa vijijini.

Sifa hizo zisiufunike upungufu wake. Mchoro wa dalili unamfaa mtu mwenye dalili. Wanawake wengi wenye kisonono au klamidia hawaoni dalili yoyote, na wengine wanaotokwa na majimaji hawana magonjwa hayo. Katika tawi la wanawake mchoro ulishindwa mara nyingi, ukiwapa dawa wasiohitaji na kuwaacha wanaohitaji. Halafu mwaka 1999 yakaja matokeo ya Rakai, nchini Uganda, ambako watu wa vijiji vizima walipewa dawa za magonjwa ya zinaa bila kuulizwa dalili, na maambukizo ya virusi vya UKIMWI hayakupungua. Wataalamu walibishana kwa miaka. Kwa mtu wa Bwiza, yatosha kujua kwamba mchoro uliofaa mahali pamoja na kwa kundi moja haukubeba dhamana ya kufaa pengine.

Onyo hilo ni la lazima hasa linapokuja suala la watumiaji wa dawa za kulevya, kwa sababu maswali mengi yaliyo tayari yametungwa mbali. Mjini Baltimore, Marekani, watu wanaojidunga wamefuatiliwa tangu mwaka 1988, na kutokana na kumbukumbu zao kilichapishwa mwaka 2015 kipimo cha maswali cha kukadiria ni nani yu karibu kuambukizwa virusi vya UKIMWI. Huulizwa umri, kama mtu alikuwa katika matibabu ya methadoni katika miezi sita iliyopita, na kama katika muda huo amejidunga heroini, amejidunga kokeini, amechangia kijiko, amechangia sindano au amekwenda katika vyumba vya kujidungia. Kila jibu lina alama zake. Kati ya kila watu 100 walioambukizwa baadaye, kipimo hicho kilikuwa kimewapa onyo takriban 86. Hilo lasifiwa. Lakini kati ya kila watu 100 ambao hawakuambukizwa, kiliwapa onyo takriban 57 pia.

Sasa, mtu akiuchukua waraka huo, akautafsiri kwa Kirundi na Kiswahili na kuuleta Bwiza, atamwuliza nini kijana wa Jabe kuhusu methadoni, ikiwa yeye hajawahi kuiona? Swali lenye kumtenganisha mtu wa Baltimore na mwenziwe halimtenganishi mtu yeyote mahali ambapo jibu ni moja kwa wote. Tawi hilo ni kavu. Na jambo linalowatenganisha watu wa Bwiza laweza kuwa halimo kabisa katika waraka.

Ushahidi wa neno hili uko Dar es Salaam. Mwaka 2005 watafiti, miongoni mwao madaktari wa Muhimbili, waliandika katika jarida la madaktari wa Uingereza kuhusu jambo ambalo hakuna fomu iliyokuwa na nafasi ya kuliandikia. Baadhi ya wanawake waliokuwa wakijiuza, mmoja akikosa fedha za kununua unga, mwenzake aliyekwisha kujidunga alivuta damu yake mwenyewe katika bomba na kumpa ajidunge, kwa imani kwamba ndani ya damu hiyo mmebaki unga wa kutosha kumtuliza. Walifanya hivyo kwa huruma. Ukimwuliza mwanamke huyo, "je, umetumia sindano ya mtu mwingine?", huenda akajibu hapana bila kusema uongo, kwa kuwa kwa maoni yake hakutumia sindano ya mtu, alisaidiwa na rafiki. Mti wote ungempeleka katika tawi la salama, naye yu katika hatari kubwa kuliko wote. Jambo hilo lilijulikana kwa sababu watu walikaa na wale wanawake na kuwasikiliza. Kompyuta isingeweza kulibuni.

Yafaa kuongeza kwamba Dar es Salaam haikuishia kwenye maswali. Mwezi Februari mwaka 2011 hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa inywewayo kila siku mbele ya mhudumu ili mtu aache kutafuta unga. Zanzibar ilifuata mwaka 2015. Huko Zanzibar uchunguzi wa mwaka 2007 ulikuta watu 16 kati ya kila 100 wanaojidunga wana virusi vya UKIMWI, na karibu 27 wana alama za homa ya ini ya aina ya C, wakati kwa wananchi wa kawaida wa visiwa hivyo virusi vya UKIMWI havikufikia hata mmoja kati ya 100. Uchunguzi wa mwaka 2012 ulikuta kiwango cha UKIMWI kimeshuka hadi 11 hivi. Nchini Burundi virusi hivyo viko kwa takriban mtu mzima mmoja kati ya kila 100. Mtaalamu yeyote wa afya anajua tarakimu ndogo ya nchi yaweza kuficha tarakimu kubwa ya mtaa.

Kuna hatari nyingine, ambayo mkulima wa kahawa wa Ngozi au Kayanza ataielewa upesi kuliko mtu wa mjini. Mbuni usiopogolewa hutoa matawi mengi na majani ya kupendeza, lakini mavuno yake ni haba. Mti wa maamuzi nao ukiachwa ukue upendavyo, utaongeza swali juu ya swali hadi kila mtu katika kumbukumbu awe na tawi lake peke yake. Hapo utaonekana hauna kosa hata moja kwa watu waliokwisha kupimwa, na utakosea vibaya kwa mtu wa kwanza mgeni atakayeingia mlangoni. Umekariri nyuso, haukujifunza ugonjwa. Kwa hiyo hupogolewa. Watu wengine, ambao hawakutumiwa katika kuujenga, hupitishwa katika mti, na tawi lisilosaidia kwao hukatwa. Kwa watu 200 tu, matawi matatu ni mengi ya kutosha. Anayekuja na mti wenye matawi 15 uliojengwa kwa watu 200 anastahili kuulizwa aliupogoa lini.

Breiman mwenyewe, mwaka 2001, alishauri njia nyingine, ya kuotesha miti mamia badala ya mmoja, kila mti ukijengwa kwa sehemu ya kumbukumbu, kisha yote ipige kura. Msitu huo mara nyingi hukosea kidogo kuliko mti mmoja, tena hautikisiki sana watu wachache wakibadilishwa katika kumbukumbu, jambo ambalo laweza kuugeuza mti mmoja hata shina lake. Lakini msitu hausomeki. Muuguzi akiulizwa na mama, "kwa nini mwanangu hakupimwa?", hawezi kujibu kwamba miti 500 imepiga kura. Kwa kituo cha afya cha mtaani, mti mmoja unaoweza kuchorwa ukutani na kupingwa na yeyote ni bora, hata kama unashindwa kidogo kwa usahihi.

Tena mti haufai kila mahali. Kipimo cha awali cha virusi vya UKIMWI, kile cha tone la damu ya kidole, ni cha bei ndogo. Hakuna sababu ya kumhoji mtu maswali ya aibu ili kuamua kama astahili kipimo ambacho chaweza kutolewa kwa wote wanaokubali. Na chanjo ya homa ya ini ya aina ya B, ambayo kwa kawaida mtu mzima huipata mara tatu katika miezi sita, ingefaa kila anayetumia boost asiyekuwa na ugonjwa huo, awe anajidunga au anavuta, maana mvutaji wa leo aweza kuwa mwenye sindano kesho. Mti una kazi pale tu penye uhaba wa kweli, kama kile kipimo cha kuthibitisha virusi vya aina ya C, kinachohitaji mashine na gharama. Ni kosa kubwa kutumia hesabu nzuri ili kuhalalisha uhaba ambao ungeweza kuondolewa kwa fedha kidogo.

Halafu kuna jambo la ukweli wa majibu, ambalo pengine ndilo zito kuliko yote. Sheria za nchi zinaadhibu matumizi ya dawa za kulevya. Kijana wa Bwiza anajua hivyo, na wenzake wawili watatu wamekwisha kulala Mpimba. Anapoulizwa na mtu mwenye karatasi, "umejidunga mwezi huu?", anasikia swali la polisi. Jibu lake litakuwa hapana. Msichana atasema hapana hata kabla swali halijaisha, kwa kuwa yeye ana mambo mawili ya kuficha. Na mti, ukiwa umejengwa juu ya hapana hizo, utawaweka wote katika jani la salama, kwa herufi nzuri za kompyuta. Katika miji iliyokwisha kupita njia hii, waliofaulu kupata majibu ya kweli ni wale waliowatuma watu waliowahi kutumia dawa wenyewe, wanaojua maskani na lugha yake, tena waliokwenda na sindano safi mkononi kabla ya kwenda na fomu.

Ndiyo kusema kwamba karatasi za maswali zisiwe na jina, bali namba, na daftari linalounganisha namba na jina likae mahali pa funguo moja. Karatasi yenye majibu matatu ya ndiyo yatosha kumpeleka mtu hospitali, na yatosha pia kumpeleka gerezani, kutegemea imesomwa na nani. Ikitokea mara moja tu kwamba fomu ya afya imetumika kumkamata kijana, hakuna atakayejibu tena Bwiza, wala Buyenzi ya jirani, na kazi yote itakuwa imekwisha hata kama mti ulikuwa sahihi. Wizara ya Afya, vyama vya wagonjwa, viongozi wa mitaa na vyombo vya usalama hawana budi kukubaliana juu ya hilo kabla fomu ya kwanza haijajazwa.

Sasa warudi wale watatu walioachwa. Wawili walisema hawajawahi kujidunga, na mmoja alikuwa amejidunga kwa muda mfupi. Katika hesabu wao ni kosa dogo, watatu kati ya 30. Lakini kosa la kumpima asiye na virusi hupoteza kipimo kimoja, na kosa la kumwacha mwenye virusi hupoteza ini lake, pamoja na la wale atakaochangia nao kijiko. Mti uliojengwa kana kwamba makosa haya mawili yana uzito mmoja umejengwa vibaya, na aliyeujenga aweza kuambiwa auzidishie uzito wa kosa la pili. Kompyuta hupokea uzito wowote inaopewa. Uzito wenyewe huamuliwa na watu, nao waamuliwe hadharani, wakiwemo wanaotumia boost na wazazi wao.

Ndipo vinapokuja vile vipimo vitano vilivyobaki. Jambo rahisi lingekuwa kuwapa watu watano zaidi wa tawi la hatari warudie kupimwa. Ni heri vikatumiwa upande wa pili, kwa watu watano waliochaguliwa kwa kura kati ya wale 145 ambao mti umesema wako salama, na mwaka ujao vitano vingine, na kila mara matokeo yaandikwe. Bila hivyo mti hautajua kamwe kwamba ulikosea, kwa kuwa wanaoachwa hawapimwi, na wasiopimwa huonekana wazima. Mkono mmoja kati ya 145 ukikutwa na virusi, muuguzi akae na mwenye mkono huo, amwulize taratibu ni swali gani hakuulizwa, na swali hilo liandikwe kwenye ukuta kwa maneno yake mwenyewe.

Na wale waliosalia, ambao kura haikuwaangukia, wataendelea kuja mlangoni kuomba sindano safi au dawa ya kidonda. Karatasi zao zisiandikwe "hana ugonjwa". Ziandikwe "bado hajapimwa", pamoja na tarehe.